Nyanya za udongo wa mboji au nyanya za maji: mwongozo wa kuotesha kwa njia zote mbili

Ukishaotesha nyanya kwenye vyombo kwa msimu mmoja au miwili, swali hili litakujia tu: niendelee na udongo na mboji, au nihamie haidroponiki, mizizi ikae kwenye maji yenye virutubisho bila udongo wowote? Ninazipenda njia zote mbili, na ushauri wangu ni kwamba kabla ya kuuliza mavuno, uliza nani atakuwepo hapo kila siku. Udongo wenye uhai husamehe. Ukiusahau siku mbili, mmea utanywea kidogo, utaupa maji, utasimama tena. Ndoo ya maji haisamehi. Pampu ya hewa ikizimika mchana wa joto, mizizi huanza kukosa hewa ndani ya saa chache, na mizizi ya nyanya ikishaanza kuoza, kuirudisha ni kazi kubwa.

Madai kwamba njia ya maji huzaa mara kadhaa zaidi ni ya zamani, na yalijibiwa zamani. Dennis Hoagland na Daniel Arnon wa Chuo Kikuu cha California walichapisha mwaka 1938 kijitabu ambacho wakulima wa maji wanakitegemea mpaka leo. Walilinganisha nyanya za udongo, za mchanga na za maji, wakakuta kwamba udongo ukiwa na rutuba, na mwanga na joto vikiwa vilevile, mavuno hayapishani sana. Kwa hiyo usihamie maji kwa sababu udongo wako ni mbovu. Udongo mbovu unatengenezeka, tena kwa gharama ndogo.

Mzizi wenyewe haujali naitrojeni imetoka wapi. Unaipokea ikiwa imeyeyuka kwenye maji kama nitreti au amonia, iwe ilianzia kwenye samadi au kwenye paketi ya mbolea. Tofauti ni nani anayefanya kazi ya kuiyeyusha. Kwenye udongo, bakteria, kuvu na minyoo ndio wanaovunjavunja mboji na kuitoa polepole, na chembe za mfinyanzi na mboji hushikilia akiba kama ghala linalogawa kidogo kidogo. Kwenye maji hakuna ghala wala wafanyakazi. Kila kitu unakitia wewe, kikiwa tayari kuliwa, na ukikosea kipimo mmea unalipata kosa hilo siku ileile.

Miche kwanza

Hatua hii ni moja kwa njia zote mbili. Sia mbegu kwenye trei, kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi. Zitachipua kati ya siku 5 na 10. Kwa mche utakaokwenda kwenye maji, tumia sponji au vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa vizuri, usije ukalazimika baadaye kuosha udongo kwenye mizizi na kuikata. Mche ukiwa na majani halisi manne au matano, uzoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki moja kisha pandikiza. Huko unakoupeleka pawe na jua la moja kwa moja lisilopungua saa sita kwa siku. Ukikosa jua, hakuna mbolea wala pampu itakayoziba pengo hilo.

Njia ya udongo

1. Vundika mboji yako mapema. Lundo liwe na walau mita moja kila upande, likiwa dogo kuliko hapo joto halikai. Changanya makavu (majani makavu, nyasi kavu, mabua) na mabichi (maganda ya mboga, nyasi mbichi, samadi), makavu yakizidi kwa ujazo. Lengo ni kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu moja. Lundo lililopangwa vizuri hufika nyuzi 55 hadi 65 ndani ya siku chache, na joto hilo likidumu na lundo likageuzwa mara kwa mara, huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya magonjwa. Lisipopata joto, ama ni kavu mno, ama halina mabichi ya kutosha. Likinuka uvundo, limelowa kupita kiasi na halina hewa: ligeuze na uongeze makavu.

Mboji iliyoiva haina harufu ya samadi. Shika konzi moja uinuse: inanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Harufu hiyo inatoka kwa bakteria wa jamii ya Streptomyces, wanaoishi kwenye udongo wenye afya. Ukiona bado kuna vipande vinavyotambulika, hili ganda la ndizi, hili bua, na ukihisi joto katikati ya lundo, iache iendelee. Mboji mbichi hunyang'anya mmea naitrojeni kwa sababu vijidudu bado wana kazi ya kumalizia.

2. Changanya udongo wa chombo. Ninaanza na mafungu matatu sawa kwa ujazo: mboji iliyoiva, udongo wa juu au vumbi la makumbi ya nazi, na kitu cha kuleta hewa kama perlaiti, pumisi au mchanga wa chenga kubwa. Wengi hupunguza fungu la tatu kwa sababu linaonekana halina lishe. Usilipunguze. Kwenye chombo, udongo unashindiliwa na kila umwagiliaji, na mizizi inahitaji hewa sawasawa na inavyohitaji maji. Ongeza konzi chache za mashudu kwa naitrojeni, unga wa mifupa kwa fosforasi na kalisiamu, na jasi kidogo. Chokaa ya kilimo weka tu ikiwa umepima pH, yaani kiwango cha uchachu, na kukuta iko chini ya 6. Nyanya ya udongo hupenda pH ya 6.0 hadi 6.8.

3. Uache mchanganyiko ukae wiki mbili hadi nne ukiwa na unyevu, umefunikwa. Mashudu yakianza kuvunda hutoa joto na amonia, na mche uliopandwa juu yake mapema huungua mizizi. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoua miche zaidi.

4. Jaza chombo cha lita 20 kwa aina fupi, lita 30 hadi 40 kwa zile zinazorefuka bila kikomo. Kiwe na matundu chini.

5. Panda mche kwa kina. Toa majani ya chini na ufukie shina karibu mpaka kwenye majani yaliyobaki. Shina la nyanya huota mizizi kila linapogusana na udongo wenye unyevu, na mche uliofukiwa hivyo hushika haraka kuliko uliopandwa juu juu.

6. Tandaza nyasi kavu au majani, unene wa sentimita tano, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Halafu mwagilia kwa kuangalia udongo, usifuate saa. Ingiza kidole hadi kifundo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kipimo kingine cha unyevu: finyanga konzi ya udongo. Ikishikana na kutoa tone moja au mawili, inatosha, ikichuruzika imezidi, ikisambaratika ina kiu. Maji ya bomba yenye klorini yaweke wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia. Bomba linalotiwa kloramini halisaidiki kwa njia hiyo, maana kloramini haiondoki kirahisi kwa kuachwa wazi.

Maua yakianza, ongeza sentimita mbili za mboji juu, chini ya matandazo. Kwa chombo kikubwa kilichoandaliwa vizuri, nyongeza kama hiyo mara moja kwa mwezi inatosha. Samadi mbichi usiipeleke kabisa kwenye chombo cha mboga. Hata kwenye shamba la kilimo hai, kanuni za Marekani zinataka zipite siku 90 kati ya kuichanganya na udongo na kuvuna, na siku 120 ikiwa sehemu inayoliwa inagusana na udongo.

Njia ya maji

Kwa nyanya moja moja, mfumo rahisi ni ndoo yenye hewa: ndoo ya lita 20, kifuniko chenye tundu, kikapu kidogo cha matundu, pampu ya hewa kama ya tangi la samaki, mpira wa kupitisha hewa, na jiwe la hewa linalotoa viputo majini. Ndoo iwe nyeusi au ipakwe rangi mpaka mwanga usipenye. Mwanga ukiingia, mwani huota kijani, hula virutubisho na hukaba mizizi.

1. Jaza maji safi. Kama una kipimo cha EC, kinachoonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka, pima maji yenyewe kwanza. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi hayakuachii nafasi ya kuongeza mbolea. Ya mvua ni mazuri sana.

2. Tia virutubisho. Nunua mbolea iliyotengenezwa kwa haidroponiki, yenye virutubisho vidogo vyote. Mbolea ya kawaida ya shamba mara nyingi haina kalisiamu, magnesi au chuma kwa kiasi kinachotakiwa, na kwenye maji hakuna udongo wa kufidia. Nyingi huja kwa sehemu mbili, na kuna sababu: nitreti ya kalisiamu ikikutana na salfeti au fosfeti zikiwa bado nzito, huganda na kuwa mashapo meupe chini ya chombo, na mashapo hayo mmea hauwezi kuyala. Yeyusha sehemu ya kwanza kwenye maji yote ya ndoo, koroga, ndipo utie ya pili. Mche mdogo anza na EC ya 1.0 hadi 1.5 mS/cm, kisha ipandishe polepole hadi kati ya 2.0 na 3.0 mmea unapochanua na kuzaa.

3. Rekebisha pH iwe kati ya 5.5 na 6.2, kila mara baada ya kutia virutubisho, kwa sababu virutubisho vyenyewe huibadilisha. Kushusha, tumia asidi ya fosforiki iliyozimuliwa. Kupandisha, hidroksidi ya potasiamu iliyozimuliwa. Vaa glavu na miwani, na daima mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Ongeza kwa matone, koroga, subiri, pima tena.

4. Weka mche kwenye kikapu, uushikize kwa kokoto nyepesi za udongo wa kuchoma. Mwanzoni maji yaguse chini ya kikapu. Mizizi ikishatokeza na kurefuka, shusha maji sentimita tatu hadi tano ili sehemu ya juu ya mizizi ikae hewani.

5. Washa pampu, isizimwe usiku wala mchana. Joto la maji lisipite sana nyuzi 22. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 yanabeba kama 7.5, wakati mizizi yenyewe kwenye joto hilo inahitaji oksijeni nyingi zaidi. Funga ndoo kwa kitambaa cheupe, iweke kivulini huku majani yakiwa juani, au ifukie nusu ardhini.

6. Badilisha maji yote kila baada ya wiki moja au mbili. Mmea hauli virutubisho vyote kwa kasi sawa, na usivyokula hujilimbikiza.

Inua kifuniko kila unapopima. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa, ina vinyweleo, na haina harufu. Mizizi iliyoshikwa na Pythium, kijidudu kinachoozesha mizizi, huwa ya kahawia na utelezi. Ukiuvuta mzizi mmoja taratibu kwa vidole, ganda lake la nje huvuka na kubaki mkononi, pakabaki uzi mwembamba wa katikati. Ukiona hivyo, toa maji yote, osha ndoo, kata iliyooza, rudisha maji ya baridi zaidi yenye virutubisho nusu, na uongeze hewa. Mmea uliopoteza zaidi ya nusu ya mizizi ni afadhali kuung'oa na kuanza upya.

Huna umeme wa uhakika? Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alieneza njia isiyo na pampu kabisa: chombo kinajazwa mara moja, maji yanapungua kadiri mmea unavyokunywa, na mizizi iliyobaki juu inavuta hewa. Ukilazimika kuongeza maji, usijaze mpaka juu, utaizamisha mizizi ya hewa. Kwa letusi ni njia nzuri mno, kiasi cha lita nne kwa mmea mmoja hadi kuvuna. Kwa nyanya siipendekezi kwa anayeanza. Nyanya iliyokomaa hunywa lita kadhaa siku ya jua kali, na ndoo hukauka kabla hujaangalia.

Kusoma vipimo

Hapa ndipo ufundi wa maji ulipo. Tenga daftari, uandike kila siku mambo matatu: kina cha maji, EC na pH. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye maji inapotea upesi.

Kina kikishuka na EC ikipanda, mmea unakunywa maji kuliko unavyokula chumvi. Lishe ni nzito mno, au siku ni za joto. Ongeza maji matupu. Kina kikishuka na EC ikishuka pamoja nacho, mmea una njaa; ongeza mmumunyo wenye nguvu kidogo kuliko wa mwanzo. Kina kikishuka na EC ikabaki palepale, umepata kipimo chake, na ukijaziliza tumia mmumunyo wa nguvu ileile.

pH nayo inasema. Mmea unaokula nitreti huipandisha pole pole, na hiyo ni dalili njema. Ikianguka ghafla na maji yakaanza kunuka, angalia mizizi kabla ya kurekebisha chochote. Ikipita 6.5 na kukaa huko, majani machanga yatageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani: chuma kipo majini lakini mmea hauwezi kukichukua, hasa kama mbolea yako inatumia chuma cha EDTA, yaani chuma kilichofungwa kwa kemikali hiyo ili kikae kimeyeyuka. Kuongeza mbolea hakutasaidia. Shusha pH. Na kipima pH chenyewe kisawazishwe mara kwa mara kwa vimiminika vya kusawazishia vyenye pH ya 4 na 7, maana kipimo kinachodanganya ni kibaya kuliko kutokuwa na kipimo.

Mwenye udongo hasomi namba kila siku, anasoma majani. Majani ya chini kuwa manjano mmea ukiwa mdogo ni upungufu wa naitrojeni. Manjano kati ya mishipa kwenye majani ya zamani ni magnesi. Marekebisho ya udongo huchukua wiki moja au mbili kuonekana, kwa hiyo fanya jambo moja, subiri, ndipo uongeze la pili.

Kuoza kitako

Doa jeusi, kavu, lililobonyea chini ya tunda huwatia hofu watu wa njia zote mbili, na wengi hukimbilia kuongeza kalisiamu. Ni kweli kwamba tunda limekosa kalisiamu, lakini mara nyingi ipo ya kutosha kwenye udongo au maji. Kalisiamu husafiri ndani ya mmea pamoja na maji, na majani hupata fungu kubwa kuliko tunda. Mtiririko ukikatika, tunda ndilo linalokosa.

Kwenye chombo cha udongo, sababu karibu daima ni umwagiliaji wa kukauka na kulowa. Matandazo na chombo kikubwa zaidi hutibu tatizo hili kuliko dawa yoyote ya kupulizia. Kwenye maji, tazama EC iliyo juu sana, au mbolea yenye amonia na potasiamu iliyozidi, kwa sababu hizo hushindana na kalisiamu kwenye mzizi. Tunda lililokwisha kupata doa halitapona. Lichume, nguvu iende kwa mengine.

Ladha, na suala la kilimo hai

Nimesikia mara nyingi kwamba nyanya ya maji haina ladha. Inakosa ladha ikilishwa maji mengi na chumvi kidogo, ikachumwa ingali kijani. Wakulima wa maji wanaojali ladha hupandisha EC matunda yanapokua: mmea unavuta maji kwa shida kidogo, tunda linakuwa dogo lakini sukari inazidi. Mwenye udongo hupata jambo linalofanana akipunguza maji kiasi wakati wa kuiva. Mbegu uliyochagua na kuacha tunda liivie mtini vina uzito zaidi kuliko njia ya kuotesha.

Ukitaka kuuza kwa cheti cha kilimo hai, sheria hazifanani. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 2018/848, unataka mboga za kilimo hai zioteshwe kwenye udongo ulio ardhini. Marekani inaruhusu mashamba ya haidroponiki kupewa cheti. Mwaka 2017 bodi yao ya ushauri ilipiga kura juu ya pendekezo la kuyakataza, na pendekezo likashindwa kwa kura 8 dhidi ya 7. Kutumia mbolea za asili ndani ya ndoo ya maji kunawezekana, lakini hunuka, huziba mawe ya hewa, na kipimo cha EC hakioni naitrojeni ambayo vijidudu bado hawajaivunja. Anayetaka kulisha kwa vitu vya asili, udongo ndio makao yao.

Mwisho wa msimu

Kama bado huna uamuzi, panda aina moja ya mbegu kwa njia zote mbili, chombo kimoja kimoja, upande uleule wa jua. Ukiwa na muda mchache, nyanya zibaki kwenye udongo na letusi iende kwenye maji. Mimi ndivyo ningempangia mtu yeyote anayeanza.

Udongo usitupwe. Kata shina usawa wa udongo, mizizi ibaki iozee humo, ongeza robo ya ujazo wa mboji mpya, uufunike. Msimu unaofuata panda humo maharage au mboga za majani, usirudie nyanya, bilinganya wala pilipili, maana magonjwa yao ni ya ukoo mmoja. Kama mmea ulinyauka kwa ugonjwa, mizizi na udongo wake viende mbali na bustani.

Ndoo isuguliwe kwa sabuni, iloweshwe dakika kumi kwa maji yenye dawa ya klorini ya nyumbani, isuuzwe mara mbili na ikaushwe juani pamoja na kifuniko, mpira na jiwe la hewa. Maji ya zamani ya virutubisho usiyamwage mtoni wala kisimani. Yazimue na umwagilie miti au maua, kidogo kidogo, mahali tofauti kila mara.